Sili Ambayo Bado Haijavuja

Sili ya mbele ya giaboksi ya otomatiki ni pete ndogo ya mpira, lakini kuifikia lazima giaboksi nzima ishushwe. Fundi aliyeishusha kwa hitilafu nyingine anaikuta sili imekakamaa, ila haivuji. Akiibadilisha kimyakimya, amemtoza mtu kwa ubovu ambao haujatokea. Akiiacha kimyakimya, siku itakapovuja atalipwa upya kwa kazi ileile ya kushusha.

Njia zote mbili hakusema uongo. Kwangu, uaminifu hauishii hapo: anayeona kwa niaba ya mwenzake ana deni la kusema. Amwite, amwoneshe mpira ulivyo, amtajie bei, amwachie uamuzi. Gari ni la mwenyewe. Na alichokiona fundi humo ndani, kwa kuwa kimelipiwa, nacho ni chake.