Je, Ramani Isiyoonyesha Yote Ni Uongo?

Zamani kuchora ramani ilikuwa kazi ya serikali na wataalamu wake. Siku hizi kijana yeyote mwenye simu aweza kuifanya. Tangu mwaka 2004 iko ramani ya dunia nzima iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza, ambamo kila mtu aweza kutia njia, kisima au shule ya kwao, na kila mtu aweza kuitazama. Ni kazi ya ufundi, tena ni sanaa, maana mchoraji ndiye achaguaye lipi lionekane, na kwa jina gani.

Faida yake yajulikana. Kibera, mtaa mkubwa wa Nairobi, katika ramani za serikali ulionyeshwa kuwa msitu, ingawa maelfu na maelfu ya watu walikaa humo. Mwaka 2009 vijana 13 wa huko huko walipita vichochoroni na vyombo vidogo vya kupokea ishara za setilaiti, wakaandika maji, zahanati, vyoo, hata mahali ambapo wasichana huogopa kupita. Kwetu nako, Ebola ilipoenea Kivu ya Kaskazini na Ituri kuanzia 2018 hadi 2020, waganga walihitaji kwanza kujua kijiji kiko wapi ndipo wawafikie wagonjwa.

Lakini hapa Rwambuzi swali lina uzito mwingine. Mji wetu wa Bunia umewapokea wengi waliokimbia mauaji ya Djugu tangu Desemba 2017. Kijana akiandika katika ramani, “Nyumba hii inalala wakimbizi,” amesema kweli. Je, amefanya vema? Na asipoandika, amedanganya?

Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake juu ya uongo, asimulia habari za Firmus, askofu wa Tagaste, aliyemficha mtu aliyekuwa akitafutwa na watumishi wa Kaisari. Walipomwuliza, akajibu kwamba hawezi kusema uongo wala kumtoa mtu. Wakamtesa, asikubali, na mwishowe Kaisari mwenyewe akamsamehe yule aliyefichwa. Kunyamaza, basi, si kudanganya. Kuandika msitu palipo na nyumba za watu, hilo ndilo jambo jingine kabisa.

Mtu atasema: wauaji hawahitaji ramani. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Kambi ya Plaine Savo huko Djugu, iliyoshambuliwa usiku wa tarehe 1 Februari 2022, watu wapatao 60 wakauawa, ilijulikana na wote. Kwa hiyo siwaungi mkono wanaotaka kila kitu kifichwe. Woga huo huwanyima maskini maji na dawa, wala haumzuii mwenye panga. Kisima kiandikwe, na zahanati iandikwe. Ila nyumba ya mjane aliyewapokea watoto wa ndugu yake haijulikani na wote, na ramani hii huonwa na walio mbali sawasawa na walio jirani. Ukiifuta kesho, yaweza kuwa imekwisha kunakiliwa. Mwenye kuamua ni mjane huyo, wala si kijana, wala si shirika lililomtuma. Na aulizwe kwa lugha anayoielewa, aelezwe ni nani watakaoiona. Akikataa, mahali pale pabaki patupu, kijana ashukuru na kwenda mlango wa pili.