Kipimo cha Mwanamke katika Hadithi za Mapenzi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, wanaume kwa wanawake, toka Mambrui na Malindi mpaka Kilifi na Takaungu, binti zetu husoma hadithi za mapenzi, vitabuni na katika simu. Wako watakao zipigwe marufuku zote. Sisi twasema: tazameni kwanza kipimo kilichomo ndani yake. Nyingi humfanya apendwaye kuwa mweupe, mwenye kiuno chembamba na nywele ndefu. Mweusi au mnene huwa shoga wa kupeleka barua, au kichekesho. Binti asomaye hayo kila siku hujitazama kiooni akajiona ana kasoro, na hali Mola wake amemuumba kwa umbo lililo bora.

Hadithi si haramu kwa kuwa ni hadithi. Sura Yusuf yenyewe ni kisa, na ndani yake mna shauku na uzuri wa sura. Lakini zingatieni: uzuri wa Nabii Yusuf ulimtia mtihanini, uchaji na subira ndivyo vilivyomwinua.

Mwana Kupona alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858, alimfunza pia kujipamba kwa ajili ya mumewe. Lakini la kwanza alilomtaka ashike ni dini, kisha adabu na ulimi mwema. Sisi tumeshika mapambo, tukaliacha la kwanza.

Wala kumfungia binti ndani si dawa. Katika riwaya ya Utengano (1980), Said Ahmed Mohamed amesimulia habari za Maimuna, aliyefungiwa nyumbani na babake, Bwana Maksuudi. Alipotoka, aliangukia maisha ya ufuska. Kuta ziliuzuia mwili wake. Hazikumfunza thamani ya nafsi yake. Baba asomaye kitabu hicho na ajiulize: je, mimi nimemfunza nini wangu?

Tena tusivilaumu vitabu peke yake, kwani kipimo hicho kimetoka vinywani mwetu. Abu Daud amepokea kuwa Bibi Aisha aliutaja ufupi wa Bibi Safiya, na Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa amesema neno ambalo lau lingechanganywa na maji ya bahari lingeyageuza. Sisi tukaao pwani twaijua bahari ilivyo kubwa. Basi ni maneno mangapi ya namna hiyo husemwa arusini na ukumbini, mama akisikia asikemee? Na mposaji wetu huuliza rangi kabla ya kuuliza sala, ilhali Mtume ametaja mambo manne aolewayo mwanamke kwayo, mali, nasaba, uzuri na dini, akatuusia tumshike mwenye dini.

Matunda ya maneno hayo twayaona. Binti hununua mkorogo aung'arishe uso. Baadhi ya mafuta hayo yana zebaki, nayo hudhuru figo na kumfikia mtoto tumboni. Katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, mataifa yalikubaliana kukomesha ifikapo mwaka 2020 utengenezaji na biashara ya vipodozi vyenye zebaki kupita kiasi kilichowekwa. Hata hivyo bado vyauzwa kwa siri. Na Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizo.

Basi baba na amsomeshe binti yake, dini na dunia, na amsifu kwa akili na tabia yake akiwa angali mdogo. Mama na asimwite mwanawe kwa jina la kasoro, kwani Sura Hujurat imekataza kudharauliana na kuitana majina mabaya, na imewataja wanawake waziwazi. Nanyi mlio na kalamu, tuandikieni mapenzi yenye staha, ambamo mweusi hupendwa na mnene huheshimiwa. Msomaji wenu atashukuru.

Mwenyezi Mungu hatazami sura zetu, bali nyoyo na vitendo vyetu. Twamwomba azitengeneze nyoyo, na ndimi zetu pamoja nazo. Amin.