Pengo Katika Namba za Ankara

Ankara zinazofuatana bila pengo zinadai jambo moja: kwamba hakuna iliyonyofolewa. Ya 118 ikifuatwa na ya 120, mkaguzi wa hesabu huuliza iliko ya 119, na mhasibu hutakiwa kutoa ushahidi juu ya kitu kisichokuwepo.

Katika hifadhidata, mara nyingi pengo hilo halina hatia. Kihesabio cha namba katika PostgreSQL, mojawapo ya mifumo ya hifadhidata, hakirudi nyuma: muamala ukivunjika katikati, kazi yake yote hutenguliwa, lakini namba iliyokwisha kutolewa imepotea. Kimeundwa hivyo makusudi, ili watumiaji wengi wahudumiwe kwa wakati mmoja bila kungojana. Anayetaka mfuatano kamili huiweka namba ya mwisho katika jedwali la kawaida. Muamala unaoiongeza huifunga mpaka umalizike, na mingine hukaa foleni; ukivunjika, namba hurudi ilivyokuwa. Inafaa basi namba itolewe mwisho kabisa, ankara ikiwa tayari, ili foleni iwe fupi. Ankara iliyokosewa haifutwi. Hubaki na namba yake, imeandikwa kuwa imebatilishwa, kama risiti iliyoharibika inavyoachwa ndani ya kitabu chake.

Sheria yenyewe si kali kila mahali. Kifungu cha 226 cha maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 kuhusu kodi ya ongezeko la thamani kinataka namba ya kufuatana, na kinaruhusu mfululizo zaidi ya mmoja, hivyo kila tawi laweza kuwa na wake.

Je, mfuatano usio na pengo ni uaminifu? Ni sehemu yake tu, tena ndogo. Unalinda kilichokwisha kuandikwa kisiondolewe. Mauzo ambayo hayakuandikwa kamwe hayaachi pengo lolote, na mwizi mwangalifu ana namba zilizonyooka kabisa. Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, haikuuachia mkataba wa deni maandishi peke yake: inataka mwandishi mwadilifu, na mashahidi juu yake. Biashara ya papo kwa papo imeruhusiwa isiandikwe, lakini kuuziana kumeagizwa kushuhudiwe. Maandishi huhifadhi yaliyosemwa, ilhali shahidi ndiye anayeweza kusema kwamba jambo lilitokea. Kwa sababu hiyo mkaguzi makini haridhiki na orodha ya ankara iliyokamilika, bali huilinganisha na mzigo uliotoka ghalani na fedha zilizoingia benki.