Barua ya Mauzo na Ukweli Usiosemwa

Barua ya mauzo, yaani andiko ambalo mfanyabiashara humpelekea mtu asiyeiona bidhaa ili kumshawishi ainunue, kwa kawaida hufundishwa kama ufundi: namna ya kuandika kichwa kinachovuta jicho, kutanguliza manufaa kabla ya bei, na kumalizia kwa ombi lililo wazi. Vitabu vya ufundi huo ni vingi na baadhi yake ni vizuri, lakini vingi huruka swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini walilijadili zamani kabla ya kuwapo kwa posta ya kisasa, nalo ni kama mtu aliyesema kweli katika kila sentensi anaweza kuhesabiwa mdanganyifu kwa sababu ya yale aliyoyanyamazia, au kwa sababu ya jinsi alivyoyapanga yale aliyoyasema. Methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza imekwisha kutoa hukumu yake, kwa kuwa inamtilia shaka kila anayeinadi mali yake. Hata hivyo, methali hiyo inafaa zaidi mahali ambapo kizuri kimewekwa mbele ya macho ya mnunuzi, na bidhaa iliyo ng'ambo ya bahari haiwezi kujiuza kwa mtu asiyejua kwamba ipo.

Mfano unaostahili kuchunguzwa kwa karibu ni barua iliyoandikwa na Mmarekani Martin Conroy ili kulitafutia gazeti la The Wall Street Journal wasomaji wa kulipia, ambayo ilianza kutumika katikati ya miaka ya 1970 na ikaendelea kupelekwa kwa watu kwa zaidi ya miaka 25. Barua hiyo inasimulia habari za vijana wawili waliohitimu chuo kimoja, wakafanana karibu kwa kila jambo, na waliporudi chuoni baada ya miaka 25 wakawa bado wanafanana: wote wameoa, wote wana watoto watatu, wote wanafanya kazi katika kampuni ileile, ila mmoja ni meneja wa idara ndogo na mwenzake ndiye mkuu wa kampuni nzima. Kisha mwandishi anauliza ni nini kilicholeta tofauti hiyo, anajibu kwamba ni maarifa na namna mtu anavyoyatumia, na papo hapo analitaja gazeti. Anayeisoma kwa utulivu haoni mahali popote ilipoandikwa kwamba yule mkuu wa kampuni alikuwa msomaji wa gazeti hilo, na tena barua yenyewe inakiri kwamba haiwezi kumwahidi msomaji mafanikio ya mara moja. Lakini ni wazi kwamba dhana hiyo ndiyo inayobaki kichwani, na bila dhana hiyo hadithi ya vijana wawili haina kazi yoyote.

Mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice, katika makala iliyochapishwa mwaka 1975, aliuchambua mwenendo huu wa lugha kwa kutenganisha kile kinachosemwa na kile kinachodokezwa, yaani maana ambayo msikilizaji huifikia mwenyewe kwa kudhani kwamba mzungumzaji anashirikiana naye kwa nia njema na hataji jambo lisilohusika. Faida ya kidokezo kwa mwandishi wa mauzo ni kwamba anaweza kukikana: akiulizwa, atasema hakuandika hivyo, na atakuwa amesema kweli.

Utetezi wa aina hiyo si mpya. Mwanafalsafa Mrumi Cicero, katika De Officiis, kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka wa 44 kabla ya Kristo, anaeleza mabishano ya wanafalsafa wawili wa Kistoa, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater, kuhusu mfanyabiashara aliyefikisha nafaka kisiwani Rhodes wakati wa njaa huku akijua kwamba meli nyingine zenye shehena kama yake ziko njiani. Antipater alishikilia kwamba ni lazima awaambie wanunuzi. Diogenes alijibu kwamba kutosema ni jambo moja na kuficha ni jambo jingine, na kwamba muuzaji hawajibiki kutangaza zaidi ya kasoro ambazo sheria inamtaka azitangaze. Alipopewa mfano wa nyumba ambayo mwenyewe tu ndiye ajuaye kuwa mbao zake zimeoza na nyoka huonekana katika vyumba vya kulala, Diogenes alikumbusha kwamba watu hutangaza kuwa nyumba ni nzuri na imejengwa vyema, nayo haiko hivyo, na hakuna anayewaita matapeli. Itakuwaje basi alaumiwe yule ambaye hakuisifu kabisa? Cicero aliegemea upande wa Antipater, na sababu yake ina nguvu: kuficha ni kutaka, kwa ajili ya faida yako, wengine wasijue jambo unalolijua ambalo wangenufaika kulijua.

Fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ilifikia msimamo huo kwa njia ya vitendo zaidi. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim, mkusanyaji wa hadithi za Mtume, Mtume alipita sokoni penye lundo la chakula, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali alipojitetea kwamba ni mvua, aliulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione. Muuzaji huyo hakusema uongo wowote, kwa kuwa kosa lake lilikuwa katika mpangilio. Mwanazuoni Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anakwenda mbali zaidi katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din anaposimulia habari za Yunus bin Ubaid, mfanyabiashara wa vitambaa vya hariri, ambaye mtumishi wake alimkunjulia mteja kitambaa huku akimwomba Mungu awaruzuku Pepo. Yunus aliamuru kitambaa kirudishwe na hakukiuza, kwa kuchelea kwamba dua ile ilikuwa sifa ya bidhaa iliyopitishwa kwa mlango wa nyuma. Kipimo hicho ni kikali mno kwa biashara ya kila siku, lakini kinaonyesha kwamba kidokezo kilitambuliwa kuwa na uzito wa kauli.

Wanazuoni walikwenda hadi kwenye suala linaloihusu barua moja kwa moja, nalo ni uuzaji wa kitu kisichoonekana. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, ni kwamba kuuza kitu maalumu ambacho wahusika hawajakiona hakusihi. Wahanafi wanaruhusu, ila wanampa mnunuzi khiyari ya kuona, yaani haki ya kuuvunja mkataba atakapokiona, na ahadi ya siku hizi ya kurudishiwa fedha inafanana nayo. Pamoja na hayo, madhehebu yote yanakubali salam, ambayo ni mauzo ya bidhaa itakayoletwa baadaye kwa bei inayolipwa mapema, kwa sharti kwamba aina, ubora, kiasi na muda vielezwe kwa namna ambayo mtu wa tatu anaweza kuvihakiki. Maelezo ya salam yanaweza kukanushwa na mizani. Ile “nyumba nzuri” ya Diogenes haikanushwi na chochote, na ndiyo maana watangazaji huipenda.

Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu andiko, kama Plato alivyolalamika katika Phaedrus, likiulizwa swali hurudia lilelile. Sokoni mnunuzi hubonyeza embe, hubisha bei, humuuliza muuzaji mpaka achoke. Msomaji wa barua hana wa kumuuliza, kwa hiyo wajibu wa mwandishi unazidi ule wa mchuuzi, kwa maana inampasa aulize kwa niaba ya msomaji lile swali ambalo yeye mwenyewe angependa lisiulizwe.

Hapa huzuka pingamizi la wajanja, kwamba hata kukiri kasoro ni mbinu. Mwaka 1962 kampuni ya kukodisha magari ya Avis ilitangaza waziwazi kwamba ilikuwa ya pili sokoni na kwamba kwa sababu hiyo inajitahidi zaidi, na unyenyekevu huo ukaiuza. Mwanafalsafa Kant, katika kitabu cha 1785 juu ya misingi ya maadili, alikwisha kuonyesha kwamba mwenye duka asiyempunja hata mtoto, kwa kuwa uaminifu unaleta wateja, anatenda linalolingana na wajibu bila kusukumwa na wajibu. Pingamizi hilo linagusa thamani ya tendo kwa mtendaji, lakini haki ya mnunuzi haikai hapo. Kwake yeye linalohesabika ni kama kasoro iliyokiriwa ni ile ambayo ingebadili uamuzi wake, kwa sababu anayekiri kwamba rangi ya mlango imepauka na kuwanyamazia nyoka hajakiri kitu. Nia ya muuzaji ni hesabu nyingine, ambayo fikihi humwachia yeye na Mola wake, na mkataba husihi bila kuisubiri.