Uzito wa Kiti

Kiti cha kukunja cha kambini karibu kila mara huvunjika mahali palepale. Kitambaa huchanika mara chache, na bomba lenyewe hupinda mara chache zaidi. Kinachokufa ni kiungo cha plastiki kilicho chini, pale mabomba mawili yanapokutana na kugusa ardhi. Nikiletewa kiti kibovu kwenye kibanda changu hapa Moshi huwa siulizi kimefanya nini. Nakipindua, naitazama miguu yake minne, na mmoja utakuwa umepasuka kwenye tundu la ribiti.

Plastiki hiyo ni ya bei rahisi, jua la mlimani huikausha, na baridi ya usiku huifanya ngumu na yenye kukatika kama biskuti. Tena kambi nyingi za Kilimanjaro hazina sakafu. Kiti kinawekwa juu ya mawe, mguu mmoja unaning'inia na mwingine unabeba kila kitu. Halafu anakuja mgeni aliyetembea kutwa nzima. Mtu wa namna hiyo haketi. Anajitupa.

Mwanzoni nilikuwa nabadilisha mguu kwa mguu: naukata kutoka kiti kilichokwisha kabisa na kuuhamishia kwenye kilicho hai. Kazi ya dakika kumi na hela ndogo. Kilichonifanya niache ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye hupanda mlima kama mpagazi. Siku moja alirudi na malipo pungufu. Kiti kilikuwa kimevunjika kambini wakati mgeni amekikalia, na mgeni hakatwi pesa, kwa hiyo alikatwa aliyekibeba. Walisema alikibwaga. "Mjomba," aliniambia, "nilikishusha kama yai."

Nilikasirika, na hasira yangu iliingia kwenye chuma. Nilichukua bati nene, nikalikata, nikalikunja kuwa mfuko wa kushika ncha za mabomba mawili, nikachomelea, nikatoa ribiti na kutia bolti na nati za kujifunga. Nilisimama juu ya kile kiti cha kwanza kwa miguu yangu miwili nikaruka. Hakikulia hata kidogo. Wapishi walipoona wakaleta viti vyao vyote, na kwa msimu mmoja nilikuwa fundi ambaye viti vyake havivunjiki. Sifa hiyo ni tamu, sitakudanganya.

Kuna hadithi ambayo wanafalsafa hawaichoki, ya meli ya Theseus. Plutarch anasimulia kwamba watu wa Athens waliitunza meli hiyo yenye makasia 30 kwa kutoa mbao zilizooza na kutia nyingine imara, mpaka watu wakaanza kubishana kama bado ni meli ileile. Mwaka 1655 Thomas Hobbes akaongeza swali lake: je, kama mtu angeziokota zile mbao kuukuu na kuziunga upya, meli ya kweli ingekuwa ipi? Nimewahi kuyapenda maswali hayo. Lakini tangu nianze kushika viti vya watu naona wote wawili wanatazama meli kutoka gatini. Ubao imara mara nyingi ni ubao mzito, na sijasikia mtu akiuliza upande wa walioshika yale makasia 30.

Mimi pia sikuuliza. Nilikuja kujua kwa sababu ya mizani.

Kwenye geti la hifadhi mizigo hupimwa, na mzigo wa mpagazi haupaswi kuzidi kilo 20, mbali na begi lake mwenyewe. Viti vya aina hii vina kilo tatu kila kimoja, kwa hiyo sita ni kilo 18, na gunia na kamba huleta kama nusu kilo. Mpwa wangu alikuwa anabeba hivyo, akipita geti bila neno. Mguu wa plastiki una gramu 30. Mguu wangu wa chuma ulikuwa na gramu 120. Zidisha tofauti hiyo kwa miguu minne, kisha kwa viti sita, unapata kilo mbili na gramu 160. Hesabu ya darasa la tano, na sikuifanya.

Getini mzigo ulizidi. Msimamizi akafungua gunia, akatoa kiti kimoja, mzigo ukapimwa tena ukapita. Kilichofuata nilisimuliwa na mpwa wangu bila malalamiko, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Mbele kidogo, geti lilipokuwa halionekani tena, kile kiti kilirudishwa juu ya gunia lake kikafungwa kwa kamba. Akakibeba hadi Barafu, mahali pa mita zaidi ya 4,600.

Nilimwuliza kwa nini hakukataa. Alinitazama kwa huruma ambayo mtoto hapaswi kumtazama nayo mjomba wake. Wapagazi hujiita wagumu, akasema, na mgumu akianza kukataa mizigo safari inayofuata haitwi.

Basi nilifanya nini hasa? Nilitaka kumwondolea lawama, nikaigeuza kuwa uzito. Unaweza kusema kosa ni la aliyerudisha kiti baada ya geti, na ni kweli, sitalibeba kosa lake. Lakini kila ninapojitetea hivyo nakumbuka kwamba nilipokuwa nakipima kiti nilikipima kwa kukirukia. Nilimwazia anayekalia. Anayebeba, ambaye ndiye niliyedai kumtetea, hakuwamo kwenye jaribio langu. Ningeweza kukining'iniza kwenye mizani ya muuza nyama wa jirani, hatua ishirini tu kutoka hapa nilipokaa.

Na chuma chenyewe hakikukomesha kuvunjika, kilikuhamisha tu. Msimu uliofuata viti vilianza kurudi vikiwa na miguu mizima kabisa, na bomba limepinda na kuchanika juu kidogo, pale mdomo wa bati langu unapoishia. Nguvu iliyokuwa inapasua plastiki ilitafuta mahali pengine pa kutokea. Mguu wa plastiki ukifa, unabadilisha mguu. Bomba likifa, kiti kimekufa. Ni kama yule mtu aliyechoka fyuzi yake kukatika kila mara, akaweka waya mnene mahali pake. Fyuzi haikukatika tena. Nyumba ndiyo iliyoungua.

Siku hizi natumia bomba jeusi la maji, lile la plastiki laini linalozikwa kwenye mashamba ya migomba. Halikatiki kwa baridi kama ile plastiki ya kiwandani. Nakata kipande, nakipasha moto, nakibana kwenye umbo nililochonga kwa mti, kisha natia bolti moja. Uzito ni karibu sawa na ule wa zamani. Si imara kama chuma. Baada ya safari nyingi huanza kupasuka taratibu, ufa unaonekana kabla mtu hajaanguka, na kila seti ya viti naifungia mfuko wenye miguu miwili ya akiba na bolti zake. Mpishi anaweza kubadilisha kambini kwa spana moja.

Baadhi ya wateja hawajafurahi. Mmoja aliniambia ameshusha viwango vyangu, kwamba zamani nilikuwa natengeneza kitu cha kudumu. Sikuwa na jibu la kumridhisha, maana yeye ndiye anayelipa na kwa macho yake kiti ni cha kukalia tu.

Seti ya mwisho niliyoimaliza ilikuwa ya viti sita. Mpwa wangu alipokuja kuvichukua nilimwomba avifunge mwenyewe kama anavyovifunga mlimani, tukaenda pamoja hadi kwa muuza nyama. Aliwaondoa wateja wawili wenye haraka, akatundika gunia kwenye ndoano. Mshale ulitulia kwenye kilo 18 na nusu. Mpwa wangu aliutazama, kisha akaniuliza kama ile mifuko ya miguu ya akiba nimeihesabu.

Ilikuwa bado mkononi mwangu.