Kingamwili Iliyosingiziwa

Utando ulitoka mweupe. Mwanafunzi wa uzamili aliyekuwa akitafuta protini moja ya ini la panya kwa westani bloti aliuweka kwenye mashine ya picha, akangoja, asione hata mstari mmoja. Hukumu akaitoa hapohapo: kingamwili imeharibika. Ni hukumu rahisi kuitoa. Kingamwili huagizwa kutoka nje ikiwa imezungukwa na barafu, na kila maabara ina kisa chake cha kifurushi kilichokwama uwanja wa ndege mpaka barafu ikaisha. Akaagiza nyingine. Wiki zikapita, mzigo ukafika, akarudia kila kitu vilevile. Utando nao ukatoka vilevile.

Fundi wa maabara ndiye aliyemuuliza: “Mwanangu, baada ya kuhamisha protini kutoka kwenye jeli kwenda kwenye utando ulipaka Ponso?”

“Hapana, mama. Niliona inanichelewesha.”

Inachelewesha dakika chache tu. Ponso ni rangi nyekundu inayoshika protini zote kwenye utando, kisha huoshwa ikatoka. Mistari isipoonekana, usiiguse kingamwili. Kosa liko nyuma yake. Pengine utando uliwekwa upande usio wake: protini zikishavikwa sabuni ya SDS hubeba chaji hasi na kukimbilia elektrodi chanya, kwa hiyo utando usipozisubiri upande huo, protini huishia kwenye bafa. Pengine ni utando wa PVDF ambao haukulowekwa kwanza kwenye methanoli. Miduara mitupu katikati ya wekundu ni viputo vya hewa ambavyo hakuna aliyevisukuma nje.

Walirudia, na safari hii wakapaka. Mistari myekundu ikajaa utando mzima. Jeli ilikuwa imefanya kazi yake; kosa, basi, lilikuwa mbele.

Mama yule akachukua tone la kingamwili ya pili, ile inayoishika ya kwanza na kubeba kimeng'enya cha peroksidesi, akalichanganya na kemikali ya kung'arisha, kisha akazima taa. Lilipaswa kuwaka samawati. Halikuwaka.

“Hii uliihifadhi vipi?”

Kumbe kijana, kwa kubana matumizi, alikuwa akiirudia kingamwili ya pili iliyokwisha kuzimuliwa, akiitilia sodiamu azidi ili isiote bakteria. Aliona wenzake wakifanya hivyo kwa kingamwili ya kwanza, na kwa ile ya kwanza hakuna neno, mradi utando uoshwe sawasawa. Lakini azidi huizima peroksidesi, na bila peroksidesi hakuna mwanga, hata kingamwili ya kwanza iwe bora namna gani. Alichokiweka ili kuilinda ndicho kilichoiua. Mimi simlaumu sana. Maelekezo mengi ya maabara husema tia azidi, yasiseme usiitie wapi.

Wakazimua kingamwili ya pili mbichi, bila azidi. Mstari ukatokea, mmoja, mahali pake. Kijana akataka kuijaribu na ile kingamwili ya kwanza ya zamani, aone kama kweli ilikuwa mbovu. Alikwisha kuitupa siku alipoagiza nyingine.