Kumwachisha Mgonjwa Mashine, Je, Ni Kukosa Imani?

Jumapili mchungaji alipohubiri Yohana 11, nilirudi hapa Kanduyi na jambo moja likinisumbua. Lazaro ameshatoka kaburini, yu hai, lakini mikono na miguu bado imefungwa sanda. Yesu hakumfungua mwenyewe. Aliwaambia waliosimama pale wamfungue.

Nikamkumbuka mama. Alipolazwa ICU nilisema kumweka kwa mashine ya kupumulia ni kukosa imani. Wiki zikapita. Bomba likatolewa mdomoni, akatobolewa tundu shingoni, ile wanaita trakiostomia, na mashine ikawa inasukuma pumzi kupitia hapo. Kisha daktari akasema, "Tuanze kumwachisha mashine." Mimi kifungua mimba nikasimama nikakemea. Sasa kuitoa ndiyo kukawa kukosa imani! Wadogo zangu wakasema amina.

Nilikosea. Kuzima mashine ili mtu aende zake ni jambo moja, na kumwachisha ni lingine kabisa. Ni kama mtoto na ziwa. Leo anapumua mwenyewe dakika chache kwa lile tundu, akipewa oksijeni tu, na nasi amesimama hapo akihesabu pumzi na kuangalia jasho. Akichoka, anarudishwa. Kesho tena. Msuli wa kupumua ukikosa kazi unalegea kama mguu uliotoka kwa plasta, na kila siku ya ziada kwa mashine huongeza hatari ya nimonia. (Na bili, wacha niseme ukweli. Ile harambee mliichanga nyinyi.)

Mwaka wa 2013 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wagonjwa 500 wenye tundu shingoni, waliopelekwa hospitali ili waachishwe polepole. Walipojaribiwa kwanza bila mashine, karibu thuluthi moja walipumua wenyewe siku 5 mfululizo. Mashine ilikuwa inawapumulia watu ambao Mungu alisharudisha pumzi yao. Ni nani aliyekuwa amewafunga?

Lakini si kila mtu huachika. Kitanda cha pili alikuwa kijana wa boda, alijaribiwa mara nyingi akashindwa, na mamake aliomba kuliko mimi. Sitaki mtu achukue ushuhuda wangu ampimie yule mama imani. Kurudishwa kwa mashine si kushindwa kwa Mungu, na kukubali ijaribiwe tena si kumsaliti mgonjwa.

Mimi niliogopa tu, nikauita woga wangu imani. Nilibishana siku tatu kabla ya kukubali. Siku ya kwanza mama alipumua dakika ishirini. Kwa sababu ya tundu hakuweza kuongea, basi nasi akampa kalamu na karatasi. Nilidhani ataandika asante Yesu. Aliandika: "Nimechoka kusukumwa. Mbona hamkuniuliza mimi?"

Hiyo karatasi bado iko ndani ya Biblia yangu.